Shule Tuliyoipasulia Mawe

Katika ofisi ya mkuu wa shule yetu kuna ubao ulioandikwa historia ya shule kwa rangi nyeupe. Mwaka wa kuanzishwa: 2007. Chini yake yamepangwa majina ya wakuu wa shule, kisha matokeo ya kidato cha nne, mwaka hadi mwaka, daraja la kwanza mpaka sifuri. Mgeni akija kutoka wilayani husimama mbele ya ubao huo, hunakili tarakimu kwenye daftari lake, akaondoka akiamini ameijua shule. Sina ugomvi na ubao, kwa sababu kilichoandikwa pale ni kweli. Ila shule ilianza kabla ya hapo, na watu walioianzisha hawamo.

Ni sekondari ya kata, huku vijijini mkoani Singida. Wanaoijua nchi yetu wataelewa mara moja ninachosema, maana shule za namna hii zilizaliwa kwa pamoja, karibu zote kwa mtindo mmoja. Mwaka 2005 sekondari za Tanzania, za serikali na za binafsi kwa ujumla wake, zilikuwa takriban 1,700. Kufikia 2010 zilikuwa zimepita 4,200. Nyingi kati ya hizo mpya zilijengwa na wanakijiji chini ya Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari, ule MMES ulioanza 2004.

Kabla ya hapo sekondari ilikuwa kitu cha kusikia. Baba yangu alimaliza darasa la saba mwanzoni mwa miaka ya 1980. Mwaka huo shuleni kwao alichaguliwa mtoto mmoja, akapelekwa mbali, na kijiji kizima kilimsindikiza hadi kwenye gari. Waliobaki walirudi shambani, na hakuna aliyewaita wamefeli. Walikuwa "hawakuchaguliwa," basi. Watoto waliokuja baadaye, baada ya ada ya shule ya msingi kufutwa mwanzoni mwa miaka ya 2000, walikuwa wengi mno kuachwa njiani kimyakimya. Serikali iliiona hesabu hiyo ikija. Edward Lowassa, aliyekuwa Waziri Mkuu, akawabana wakuu wa mikoa na wilaya: kila mtoto aliyefaulu apate pa kukaa. Wakuu wa wilaya wakawabana watendaji, na watendaji wakatugeukia sisi.

Agizo hilo lilitufikia mwaka wa njaa. Mvua za msimu wa 2005 kuingia 2006 zilikatika mapema. Mahindi yalikauka, mtama ukafuatia, na hata uwele, ambao kwetu husifiwa kwa kuvumilia jua, ulitoa masuke ya kuangaliwa tu. Watu walikuwa wakipanga foleni ya mahindi ya msaada. Katika hali hiyo mkutano ukaitishwa chini ya mkuyu, jirani na ofisi ya kata, na mgawanyo ukasomwa: kila kaya mchanga, mawe, maji ya kufyatulia tofali, kuni za kuchomea, na fedha taslimu juu yake. Mzee mmoja akasimama akiegemea fimbo yake.

"Ndugu mtendaji, na tumbo nalo limo kwenye huo mgawanyo?"

Watu walicheka, halafu wakanyamaza, kwa sababu mzee hakuwa anatania.

Wasiochanga walifuatwa na mgambo. Kuku walikamatwa. Mbuzi walifungwa kamba nje ya ofisi mpaka mwenyewe alipe. Mama mmoja mjane, jirani yetu, alichukuliwa jembe, na mvua zilipokuja alilima kwa jembe la kuazima. Ripoti za miradi huandika kwamba shule hizi zilijengwa kwa nguvu za wananchi. Ni kweli kabisa, ila wasomaji wa ripoti hizo wajue kuwa nguvu nyingine zilitolewa kwa nguvu. Nayasema haya bila kinyongo na mtu. Aliyekuwa akikamata mbuzi naye alikuwa na bosi wake anayemtishia kibarua.

Mawe ya msingi yalitoka kwenye majabali. Mtu aliyepita Singida anayajua, yamezagaa kila upande kana kwamba yalimwagwa. Jabali halipasuliwi kwa ubavu peke yake. Unatafuta penye mstari, ufa mwembamba ambao asiyezoea hauoni, unapanga kuni kavu juu yake, unawasha jioni na moto unawaka usiku kucha. Alfajiri, mwamba ukiwa bado umeshika joto, unamwagiwa maji kwa mkupuo. Unausikia ukilia kwa ndani, kisha unaachia, tabaka kwa tabaka. Hapo ndipo wanaume huingia na nyundo na mitaimbo. Wanawake hubeba yanayobebeka. Sisi watoto wa darasa la saba tuliachiwa kokoto: unakaa chini, unaliweka jiwe dogo ndani ya pete ya mpira iliyokatwa kwenye tairi kuukuu, unaligonga. Pete ile ndiyo inayozuia jiwe lisiruke na nyundo isile vidole. Vidole vililiwa hata hivyo. Mama yangu ana ukucha wa gumba ambao haukuota tena sawasawa.

Kilichouma zaidi ni maji. Yalichotwa kwenye visima vya kuchimba katika mchanga wa korongo, na msimu ule ulikuwa ukichimba hadi kiuno kabla ya kuona unyevu. Kila ndoo iliyomwagwa juu ya mwamba ilikuwa ndoo iliyokosekana nyumbani. Nakumbuka mama akiitua ya kwake pale mlimani, akaitazama, akasema, "Haya, kunywa na wewe," akalimwagia jabali.

Nilifaulu darasa la saba mwishoni mwa mwaka huo. Sikupelekwa mbali kama yule wa enzi za baba. Nilipangiwa hapohapo, kwenye jengo ambalo nililigongea kokoto.

Tulianza kwa kuchelewa, mwaka 2007, madarasa mawili yakiwa yameezekwa na la tatu likiwa boma tu. Hapakuwa na sakafu, madirisha, wala madawati ya kutosha, kwa hiyo kila mmoja alikuja na kigoda chake. Ada ya kutwa ilikuwa shilingi 20,000 kwa mwaka. Kwa mfanyakazi wa mjini ni fedha ya kawaida. Kwetu, baada ya mwaka wa njaa, ilikuwa mbuzi. Na ada ndiyo iliyokuwa nafuu: ilifuatwa na mchango wa dawati, wa mlinzi, wa mtihani, rimu ya karatasi, jembe, ndoo, ufagio, na sare ambayo fundi wa kijijini alishona kwa kitambaa kilichopauka kabla ya kidato cha pili. Watu wa mjini wakatupachika jina: shule za yeboyebo, kwa ile ndara rahisi ya plastiki ambayo kila maskini alikuwa nayo. Tulilichukia jina hilo tukiwa tumezivaa miguuni.

Walimu walikuwa watatu, mkuu wa shule akiwa mmojawapo. Mmoja alikuwa wa leseni, kijana aliyemaliza kidato cha sita akapewa mafunzo ya majuma machache, kisha akaletwa kutufundisha. Nao waliitwa vodafasta. Wengi walidharauliwa, na wapo waliostahili, maana niliona mwalimu akinakili kitabu ubaoni kutoka kengele hadi kengele bila kugeuka kututazama. Lakini huyu wa kwetu, shikamoo yake mpaka leo naitoa kwa moyo.

Alikuta hatuna maabara. Kwenye mtihani wa taifa, shule zisizo na maabara zilifanya karatasi mbadala ya vitendo, yaani unaulizwa kwa maandishi kuhusu jaribio ambalo hukulifanya. Tulichora bureti kwenye madaftari bila kujua ni ndefu kiasi gani, na mimi niliikuta kwa mara ya kwanza nikiwa mtu mzima. Siku moja mwalimu akaja na choya alizochemsha, juisi nyekundu ndani ya chupa ya soda. Akaweka vikombe viwili mezani, kimoja kina maji ya ukwaju, kingine maji ya majivu yaliyochujwa kwa kitambaa. Akatia choya kwenye ukwaju, ikabaki nyekundu. Akatia kwenye majivu, ikageuka ghafla, ikawa ya kijanikijani. Darasa lililipuka. Akasubiri tukanyamaza ndipo akaandika ubaoni asidi na besi kwa Kiingereza, lakini akazieleza kwa Kiswahili. Mkaguzi angemkuta angemwandikia onyo, kwa sababu sera ni Kiingereza kuanzia kidato cha kwanza. Lakini tulikuwa tumesoma miaka saba kwa Kiswahili, na nyumbani hata Kiswahili chenyewe kilikuwa cha pili baada ya Kinyaturu. Yale aliyotufundisha siku hiyo sijayasahau. Yale tuliyokariri kwa Kiingereza yaliyeyuka siku ya mtihani tulipokabidhi karatasi.

Mwaka uliofuata aliondoka kwenda chuo kikuu, na Kemia ikabaki kwenye ratiba bila mwalimu mpaka tulipomaliza.

Sasa nifike kwenye geto, ambalo ndilo lililotuumiza kuliko yote na ndilo wakubwa wasilopenda kulisikia. Kata yetu ina vijiji vilivyotawanyika. Kutoka kwetu hadi shuleni ilikuwa saa tatu kwa mguu, na masika korongo likijaa, hupiti. Bweni hapakuwa. Kwa hiyo wazazi walitupangia vyumba karibu na shule, kwenye matembe ya wenyeji. Watoto wa miaka kumi na minne, kumi na mitano, tukawa wapangaji. Chumba changu nilishirikiana na binti wa kijiji cha jirani. Kilikuwa na kitanda cha kamba, sufuria mbili na koroboi, dirisha lake tundu la kiganja, na paa la udongo ambalo mvua ikinyesha lilidondosha matope kwenye madaftari. Jumamosi tulirudi nyumbani kuchukua unga na mlenda mkavu, Jumapili jioni tukawa tumerejea. Unga ukiisha Alhamisi, Ijumaa ni maji.

Hapo ndipo biashara nyingine ilipoanzia. Binti mwenye njaa hahitaji kushawishiwa kwa maneno mengi. Walikuwepo wenye maduka, walikuwepo vijana wa pikipiki zilizoanza kuingia wakati huo, na walikuwepo watu wazima wenye heshima zao. Mkate na sukari robo kilo. Mwenzangu wa chumbani alipata ujauzito mwaka 2009, tukiwa kidato cha tatu. Aligundulika kwenye upimaji ambao wasichana wote tulipangwa mstari kufanyiwa, akaandikiwa barua ya kufukuzwa, akakusanya sufuria yake. Mwanamume tulimjua sote. Kesi ilifika kwa mtendaji, ikapigwa danadana, wazee wakakaa, mbuzi wakahama zizi, ikaisha. Nilibaki mwenyewe chumbani, na nilichokifanya nakieleza kwa mabinti ninaowafundisha: nilihamia kwa bibi mmoja mjane aliyekuwa akiuza pombe ya mtama. Watu walishangaa mwanafunzi kuhamia kilabuni. Lakini bibi yule alikuwa na sheria moja, anayeniita kwa jina langu anaondolewa kibuyu. Nilimwoshea vyombo, yeye akanilisha, na nikamaliza shule.

Matokeo ya 2010 yalikuwa mabaya nchi nzima. Karibu nusu ya watahiniwa walianguka, na kwetu ilikuwa zaidi ya hapo. Nilipata daraja la nne, nikaweza kuingia chuo cha ualimu ngazi ya cheti, kama wengi wa wakati ule. Leo ni mwalimu wa shule ya msingi katika kata hiyohiyo. Wengi wa wenzangu walipata sifuri. Miaka miwili baadaye, matokeo ya mtihani wa 2012 yakatoka Februari 2013, na zaidi ya asilimia 60 wakapata sifuri. Nchi ikapiga kelele, Waziri Mkuu Mizengo Pinda akaunda tume, matokeo yakafutwa yakapangwa upya. Sikumbuki kelele za namna hiyo mwaka wa kwetu. Kwetu vijana walitazama karatasi iliyobandikwa ukutani, wakatafuta namba zao, wakaenda zao.

Kwenye ubao wa ofisini mwaka wetu una safu ya sifuri ndefu kuliko nyingine zote, na ninavyojua ni nani yuko kwenye safu ile, huwa nashindwa kuisoma kama ilivyo. Lilipokuja agizo la Rais Kikwete la kila sekondari ya kata kuwa na maabara tatu, likatiliwa mkazo 2014, michango ilirudi, na fundi aliyeezeka maabara yetu alikuwa mmoja wa wale sifuri. Alisamehe nusu ya ujira wake. Mwenyekiti wa kijiji aliyekataa eneo la shule lisimegwe na mfanyabiashara wa alizeti, naye ni sifuri. Mama anayepika makande ya wanafunzi mchana ni yule mwenzangu wa geto. Mtoto aliyefukuziwa shule akiwa tumboni alikuja kusoma hapohapo, akashika nafasi ya tatu darasani akiwa kidato cha pili. Novemba 2021 Serikali ilitangaza kwamba wasichana waliojifungua wanaweza kurudi shuleni. Nilimpigia mwenzangu simu kumweleza. Akacheka, akasema, "Wewe mwalimu, mimi nirudi nikakae dawati moja na mwanangu?"

Msinielewe kwamba nasifia umaskini. Nasikia hotuba za watu waliofanikiwa wakisema shida iliwakomaza. Shida haikunikomaza mimi, ilinichelewesha, na wenzangu wengi iliwatupa kabisa. Ninachokisema ni kwamba tulidaiwa tufaulu na shule isiyo na walimu, na tuliposhindwa tukaandikwa sisi ndio sifuri. Walimu wa digrii walianza kuja tulipokuwa tumeshamaliza. Umeme ulifika baadaye, na ada ikafutwa Januari 2016. Ni mambo mema, na nayashukuru. Ila lile la ada lilikuja na mkanganyiko wake. Wazazi walisikia "elimu bure" wakaelewa kila kitu ni bure, wakaacha kuleta mahindi na maharage, na kwa muda mrefu watoto walishinda njaa katika shule isiyotoza ada. Ilibidi twende nyumba kwa nyumba kueleza kwamba Serikali haijasema itapika.

Geto bado lipo. Hilo ndilo lililonifanya niandike. Watoto wengi wa vijiji vya mbali, wasichana kwa wavulana, bado wanapanga vyumba, na pikipiki sasa ni nyingi kuliko zamani. Mwaka jana bodi ya shule, ambayo mimi ni mjumbe wake, iliamua tujenge bweni la wasichana kwa michango ya hiari. Narudia: ya hiari, na imepitia kamati ya maendeleo ya kata. Hakuna mbuzi atakayefungwa kamba. Nilipendekeza pia kwamba majina ya kaya zilizopasua mawe mwaka 2006 yaandikwe ukutani kwenye jengo hilo, akiwemo yule mama wa jembe. Lilipita bila kupingwa, na orodha tumeshaanza kuikusanya kutoka kwa wazee kabla hawajatutoka.

Msingi umefika usawa wa jamvi. Mawe yapo, mchanga upo, mafundi wa hapa wamejitolea nusu ya ujira. Kinachokosekana ni saruji, nondo na mabati. Wewe uliyesoma sekondari ya kata, yetu au nyingine yoyote, na leo una mshahara au duka, pita kwenye shule yako uulize wasichana wa mbali wanalala wapi. Ukijibiwa "wamepanga," kaanze na hilo bweni kabla ya jezi na vikombe vya mashindano. Na ukitoa, hata mfuko mmoja wa saruji, dai risiti. Usipopewa, usitoe.